Radhi Isiyotaja Kosa

Rukia,

Barua za watu huanza kwa salamu. Salamu zangu ninazo, lakini nimezikunja nikaziweka kando. Isome barua hii mpaka chini, huko ndiko utakakojua zako ziko wapi.

Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu za chuoni kwa sababu za Kizungu siziwezi, na hizi nilikufundisha mwenyewe ulipokuwa na meno ya utoto, ukilia kwamba alifu na lamu zimekushinda. Nakuandikia badala ya kukwita uje ukae hapa mkekani kwa sababu nikisema nawe utalia. Kulia unajua wewe. Ukilia mimi hushika ncha ya leso nikakufuta, na nikishakufuta hasira zangu zimekwisha. Hizi za leo sitaki ziishe. Karatasi haina leso.

Sitakwambia habari za kufunga sanduku, wala za chakula cha chuo cha ualimu unakokwenda, wala za wavulana. Shangazi zako wamekujaza masikio juma zima, na mama yako huko Mombasa kwa mumewe atakuongezea ukipita. Mimi nataka tuzungumze habari za yule mwanamke wa mchezo wa Kiingereza na mikono yake.

Unakumbuka mlivyonihadithia, wewe na Kadzo, hapa uani, mimi niko juu ya mbuzi nakuna nazi. Mlikuwa mkiusoma ule mchezo kwa ajili ya mtihani, na mwalimu wenu akataka muuigize mbele ya wazazi. Wewe unasoma mstari wa Kiingereza, Kadzo anaugeuza Kiswahili, kisha mnagombana kwamba sivyo. Nami nikawa nashika kidogo kidogo. Kuna bwana mkubwa wa vita, ana mke mwenye tamaa. Mfalme wao akaja kulala kwao, akala chakula chao, akaisifu nyumba, wakamwua kitandani. Nikaacha kukuna. Nikauliza, wamemwua mgeni? Ndani ya nyumba yao? Mkacheka, mkasema Nyanya, hiyo ndiyo hadithi yenyewe. Nikawaambia basi imekwisha, watu waliofanya hivyo hawana tena la kusimuliwa. Mkasema subiri.

Nikasubiri, na nilifanya vizuri, maana nilikuwa naupenda mchezo ule kuliko mlivyodhani. Yule bwana akawa hapati usingizi. Akamwua na rafiki yake, na yule rafiki akaja karamuni hali ni maiti, akakaa kitini pake, na hamna amwonaye ila yeye aliyemwua. Bwana anatetemeka mbele za watu. Mke akawaambia wageni, kuleni, msimjali, mume wangu ana maradhi haya tangu ujana, humshika yakamwacha. Hapo mimi niliinuka nikaingia ndani. Mlidhani nimekwenda kusali. Nitakwambia mbele kwa nini niliinuka.

Na mwisho wake yule mke, aliyekuwa ameshupaa kuliko mumewe, akawa anatembea hali amelala, taa mkononi, anasugua viganja anaona vina damu isiyotoka. Pale ndipo mlipopapenda. Wewe ukawa mke. Kadzo akawa yule mfalme mgeni, kwa vile ni mrefu na sauti yake nzito. Tazama mambo ya Mungu, Rukia. Mgeni katika mchezo akawa ndiye mgeni katika nyumba.

Maana Kadzo alikuwa mgeni wetu. Baba yake, Karisa, ndiye aliyeikwea minazi yetu ya Ganda tangu babu yako yu hai, na nazi zetu hakupunguza hata moja. Aliponiomba binti yake alale hapa awe karibu na skuli, sikufikiri mara mbili. Mlilala chumba kimoja, mkala sinia moja. Alikuwa akinichotea maji bila kuagizwa, jambo ambalo wewe mwanangu hukulifanya hata ulipoagizwa.

Mfalme wenu alihitaji joho. Na joho lipo, la babu yako, bushuti jeusi lenye zari shingoni, alilolivaa siku ya harusi yetu na kila Idi mpaka kufa kwake. Liko kashani na karafuu na vipande vya udi. Mimi nilikuwa Mambrui matangani. Niliporudi sikujua kitu. Nikaja kulitoa kulianika kabla ya Maulidi, nikaona mgongoni lina tundu kubwa kama kisahani cha kahawa, kingo zake zimekauka kama ukoko.

Nikawaita wote wawili. Wewe ulitazama miguu yako. Kadzo akakutazama wewe, akanitazama mimi, akasema, "Nilikuwa nimelivaa mimi, Nyanya."

Hakusema amelichoma. Hakusema amelitoa kashani. Alisema amelivaa, na ilikuwa kweli. Yaliyobaki nikayajaza mwenyewe, haraka haraka, kama mtu anayejaza mtungi wakati maji ya mfereji yanakaribia kukatika. Nilimwita mwizi wa makasha. Nilisema haya ndiyo malipo ya kumweka mnyika, mtu wa porini, ndani ya nyumba. Sauti yangu unaijua, haijapata ukuta wa kuizuia. Mtaa mzima ulisikia. Akabeba kisanduku chake cha bati akatoka, na mimi nikakaa barazani kifua mbele kama mtu aliyetetea heshima ya marehemu.

Tangu siku ile Karisa hakuja Ganda kuangua. Nazi zikawa zinaanguka zenyewe, zinaota chini ya minazi, na mimi kwa kiburi changu sikutuma mtu kumwuliza kwa nini. Nilisema mwacheni, baba wa mwizi ataniambia nini.

Na wewe ukawa unakula, unasoma.

Kisha ukaandika ile insha. Ukaniletea kwa furaha, mwalimu ameisoma mbele ya darasa zima. Ukanifasiria. Ati dhamiri ya mtu ndiyo kadhi wake. Ati yule mwanamke ameadhibiwa na nafsi yake kuliko ambavyo kadhi yeyote angemwadhibu, na kwa hiyo tumhurumie. Maneno mazuri, yamepangwa. Nikakuuliza swali moja. Je, alikwenda kwa watoto wa yule mfalme? Ukasema, Nyanya, wale walikuwa wamekimbia nchi. Nikauliza kwa nini. Ukasema kwa sababu watu walisema ni wao waliomwua baba yao. Nikasema, basi watoto wa watu wako ugenini wanaitwa wauaji, na bibi yuko kwake anaosha mikono. Anaosha kwa ajili ya nani?

Ulifunga daftari. Nikajiona mimi nani. Nikasema moyoni, chuo niliacha nilipovunja ungo, na leo nimemshinda mtoto wa skuli kwa hoja. Nilimhadithia mpaka mwuza kahawa. Kumbe sikukushinda. Nilikugusa penye kidonda, nami sikujua, na wewe ulijua, ukafunga daftari ukaenda kulala.

Sasa juzi. Juzi ulizunguka mtaa kuomba radhi, kama kila msafiri wetu afanyavyo, na nilikusifu ulivyojitanda buibui vizuri. Kila mlango maneno ni yale yale: nasafiri, kama nimekukosea kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe. Na kila mlango jibu ni lile lile: nimekusamehe duniani na akhera, nawe unisamehe. Desturi nzuri, wala siisemi vibaya. Inasafisha yale madogo, kuku wa jirani uliyempiga jiwe, mtu mzima uliyempita bila kumwamkia. Haikuwekwa kuwa kapu la kufichia jambo kubwa.

Ukarudi ukaweka kichwa mapajani pangu. Ukasema, "Nyanya, leo moyo wangu mweupe. Hata Kadzo nimekutana naye sokoni, amekuja na shangazi yake kununua unga. Naye amenisamehe."

"Amekusamehe nini?"

Hapo ndipo ulipoanza kulia. Yakatoka: ni wewe uliyeutoa ufunguo chini ya godoro langu, ni wewe uliyekuwa umeshika mshumaa, ni wewe uliyelikunja joho likiwa linanuka moshi ukalirudisha. Nikakuacha umalize. Nikauliza, "Na Kadzo ulimwambia nini sokoni?"

"Nilimwomba radhi, Nyanya."

"Ya nini?"

"Kama nimemkosea."

"Kama?"

Ukasema, "Nyanya, mimi nimeteseka. Mwaka mzima silali vizuri. Nafsi yangu imenihukumu."

Ukaniletea insha, Rukia. Mtoto wa watu ametoka nyumbani kwangu na jina la wizi kichwani, nawe unanifungulia daftari. Umeteseka! Umeteseka juu ya godoro la usufi, chini ya chandarua, na chai ya maziwa asubuhi. Ulikuwa unajihurumia ukadhani ndiyo toba. Ulijiona kama yule bibi wa mchezoni, na taa yako, na gauni lako jeupe, na watu kwenye viti wanakutazama wanasikitika. Hukulia kwa ajili ya Kadzo. Ulilia kwa kuwa ulijiona mzuri ukilia.

Nimesema vibaya? Vizuri. Nimekusudia.

Na fikiri ulichomfanyia pale sokoni. Unamwambia "kama" mtu aliyekuwepo. Aliyeuona mshumaa ukianguka, aliyelizima joho kwa mikono yake. Unamwambia hivyo mbele ya shangazi yake na wauza samaki, na kila mtu anajua jibu la radhi ni moja tu, asiyelitoa huonekana ana roho mbaya. Ukamshika koo kwa adabu. Akasema nimekusamehe kwa sababu hukumwachia neno jingine.

Mwalimu wetu wa chuo alikuwa mkali, na mengi aliyotufundisha yameniponyoka, lakini hili halikuniponyoka kwa kuwa alilisema akiwa na bakora mkononi. Alisema Mungu husamehe kilicho chake. Haki ya mja humwachia mja mwenyewe. Waweza kusali mpaka paji la uso likaota sugu, ile haki iko pale pale, imekaa kwa mwenyewe, inakungoja. Sasa huyo bibi yenu hakuwa na mtu wa kumwambia hivyo? Daktari yupo, mjakazi yupo, wote wamesimama mlangoni wanamtazama anavyosugua. Hakuna hata mmoja wa kumshika bega akamwambia, mama, amka, hiyo damu si ya maji, nenda kaseme.

Sasa nikwambie kwa nini niliinuka.

Ndugu yangu Mwanaheri hukumwona, alikufa kabla hujazaliwa. Alikuwa dada yangu mkubwa. Nilipokuwa msichana alinitaka kijana mmoja wa Mambrui, mshona kofia. Alikuwa na vidole vyembamba na alishona huku anaimba, na akikosea tundu moja hulifumua akaanza tena. Nilimpenda, nakwambia leo kwa kuwa babu yako yuko mbele ya haki na hatasikia. Posa ikaja, ikapokewa, kisha ikarudi. Hakuna aliyeniambia kwa nini. Nikaozwa babu yako, mtu mwema, sina la kumlaumu, lakini sikumchagua.

Miaka ikapita. Mwanaheri akajaliwa kwenda kuhiji. Akazunguka mji mzima kuomba radhi kama wewe juzi. Akaja kwangu, akanishika mikono miwili, akasema, ndugu yangu, tuliyokosana tusameheane. Nami nilikuwa na sufuria motoni. Nikamwambia upesi, nimekusamehe duniani na akhera, nikamkumbatia, nikarudi kugeuza wali wangu usiungue. Akaenda, akafa huko huko, akazikwa huko. Watu wakasema ana bahati.

Kisha siku moja niko harusini Mambrui, nimekaa karibu na mama yake yule mshona kofia, amekuwa kikongwe. Akaninong'oneza kwa mapenzi kabisa, akasema, "Zuhura, mwanangu, na kile kifafa chako kilikuondoka?"

Kifafa. Mimi! Mwanaheri ndiye aliyekwenda kuwaambia kwamba nduguye huanguka tangu utotoni, maradhi humshika yakamwacha. Hakutaka mdogo aolewe mbele ya mkubwa. Kwa hiyo yule mke wa mchezoni aliponyosha mkono akawaambia wageni maradhi ya uongo, mimi sikumsikia yeye. Nilimsikia ndugu yangu.

Na mimi nilikuwa nimekwisha samehe. Neno limetoka, na mwenyewe yuko kaburini, nitalirudisha vipi? Mpaka leo nikimwombea rehema najisikia kama nina mwiba wa samaki kooni. Sijui hata kama siku ile alipokuja alikuwa na jambo lile moyoni au alikuwa amelisahau. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko uongo wenyewe. Angelisema. Angesema, Zuhura, nilikuvunjia posa yako. Ningempiga kofi, wallahi ningempiga, na ule wali ungeungua wote. Kisha ningemsamehe. Na ningekuwa nimemsamehe yeye, si upepo.

Kosa langu mimi ni lile la kwenye sufuria. Nilitoa samahani bila kuuliza ya nini, kwa kuwa nilikuwa na haraka na nilipenda kuonekana mwema. Na kosa langu la pili ni la Kadzo, na ni baya zaidi, kwa sababu la kwanza niliumia mimi.

Jana nilikwambia nakwenda Mambrui kwenye hitima. Sikwenda. Nilikudanganya, nisamehe. Umeona? Nimelitaja, wala ulimi haukukatika.

Nilikwenda Marereni.

Hujafika kule kwenye mabwawa ya chumvi na heri ungefika kabla hujaandika insha. Jua linapiga juu, kisha linapiga tena kutoka chini, kila kitu cheupe mpaka macho yanatoa machozi yenyewe bila ya dhamiri yoyote. Wanawake wanakwangua chumvi kwa mbao ndefu, wengine wanaibeba kwa karai kichwani kupeleka kwenye marundo. Sokoni waliniambia Kadzo wa Karisa yuko huko; nikamwulizia, wakanionyesha. Amekonda. Miguu ameifunga vitambaa, maana chumvi huipasua ngozi kisha ikaingia ndani ya mipasuko.

Akaniona, akatua karai. Akasema, "Shikamoo, Nyanya."

Baada ya yote yale, akaniamkia. Nikamwambia, "Usiniamkie kwanza. Nilikutukana mbele za watu, na watu hawa hapa, wacha wasikie." Wale wanawake wakasimamisha mbao zao. Nikasema, "Nilikwita mwizi, na hukuwa mwizi. Nilikwita mnyika, na baba yako amenifaa kuliko ndugu zangu. Nilikutoa nyumbani kwangu bila kukuuliza swali la pili. Nimekuja kwa hayo."

Aliinama akakaza upya vitambaa vya miguuni. Kisha akauliza, "Nani aliyekwambia, Nyanya?"

"Rukia."

"Lini?"

"Jana."

Akacheka kidogo, kicheko kisichofungua meno. Akasema, "Aliniambia atakwambia kesho yake."

Rukia, hilo hukuniambia.

Alinieleza, bila kupandisha sauti. Kwamba siku ile ulimfuata mpaka mlango wa nje, ukamshika mkono, ukamwambia, tangulia Kadzo, usiseme kitu, Nyanya akipoa kesho nitamwambia, naye atakurudisha. Akakuamini. Akaenda akajibanza kwa jamaa zake huko Ganda, akawa anatoka alfajiri kwa miguu, anafika skuli amechelewa, anaadhibiwa, anakaa darasani pamoja nawe, nawe unatazama kitabu. Na jioni anapita mbele ya baraza yetu taratibu, iwe rahisi kwangu kumwita.

Nilimwona mimi. Kila jioni nilimwona, nikageuza uso, nikasema tazama ufedhuli wa mtoto yule, bado ana ujasiri wa kupita hapa. Kumbe alikuwa akingoja kesho yako.

Mvua za masika zikaja, njia ikaharibika, akaacha skuli akamfuata shangazi yake kwenye chumvi.

Juzi ulilia mapajani pangu mpaka leso ikarowa, ukanipa mshumaa, ukanipa ufunguo, ukanipa joho. Hilo la mlangoni ulilimeza. Yule bibi wa mchezoni, pamoja na ubaya wake, alisema yote hali amelala. Wewe macho yako wazi umeniletea nusu, tena ile nusu iliyonihusu mimi. Ya Kadzo ukajiwekea.

Nikamwomba msamaha. Unajua alinijibu nini? Alisema, "Nyanya, sokoni nilisema nimesamehe kwa sababu watu walikuwa wakinitazama. Wewe sitakujibu hivyo. Niache nikae nalo."

Damu ilinipanda, sikufichi. Mimi, mtu mzima, nimepanda basi, nimesimama juani, nimejishusha mbele ya wapagazi wa chumvi, na mtoto ananinyima. Mdomo ulikwisha funguka. Kisha nikaufunga, maana nilijiona tena barazani, kifua mbele. Nilikuja kutoa kilicho chake. Nani aliyeniambia nitarudi nacho kingine mkononi? Nikamwambia chumba kipo, na kwa mwalimu mkuu nitakwenda mwenyewe, na anajua nikienda huwa siondoki mapema. Akasema atasikiliza baba yake anasema nini. Kwa hiyo na kwa Karisa nina safari, na yule hatanifungulia mlango upesi, najua.

Nilipogeuka kuondoka nikamwitikia. Nikasema, "Marahaba, Kadzo." Akabeba karai lake. Nikarudi Malindi bila samahani ya mtu, midomo imenikauka kwa chumvi, na yule samaki wako wa kukaanga uliyeniwekea sikuweza kummeza. Ulidhani nimechoka na hitima.

Sasa wewe.

Najua Marereni ni njia ya kaskazini na chuo chako kiko njia nyingine kabisa. Najua tiketi imekwisha katwa na shangazi zako watapiga kelele. Waache wapige, sauti zao zote pamoja hazifiki yangu. Basi la Mombasa lipo kila siku.

Ukifika kule usilie. Ukilia atakubembeleza, ndivyo alivyo, na kazi ya kukubembeleza si yake. Usimtajie usingizi wako uliopotea. Mwambie nililitoa joho mimi, nililichoma mimi, nilinyamaza ukaitwa mwizi, nilikuahidi kesho nikaila. Kisha funga mdomo. Akikutukana, ana haki. Akikugeuzia mgongo akaendelea kukwangua, ana haki, simama hapo juani mpaka uone ni wakati wa kuondoka. Huendi kuchukua samahani. Unakwenda kumrudishia jina lake kwa kinywa kile kile kilichokaa kimya.

Mtu asiye wangu nisingemkasirikia hivi. Jirani akifanya ulilolifanya wewe, mimi husema Mungu amwongoze, nikalala. Wewe nimekulea tangu una miezi, nimekutafunia chakula kwa meno haya haya, na watu watakapokwita mwalimu wa Kiingereza utasimama mbele ya watoto wa watu na kitabu kile mkononi, uwafundishe nafsi ya mtu ni nini. Sitaki uwafundishe uongo.

Kesho asubuhi utakuja mlangoni, uiname, unisubiri nikuwekee mkono kichwani, kama mama yako alivyoinama, na mimi kwa mama yangu. Mkono sitauweka. Nakwambia mapema usije ukaaibika mbele ya shangazi zako. Sanduku lako ulipindue, utoe nguo zote, radhi zangu hutazikuta humo. Nilikuwa nazo jana, na zile salamu pia. Niliziacha Marereni kwa Kadzo. Mwenyewe hajui kama anazo. Ukishalitaja lile la mlangoni, zitakuwa zako.

Nyanya yako,
Zuhura